Dayari 51 za Wakili: Nakuru hadi Vihiga

Jumatano, 6 Agosti 2025. Nakuru

Mwenye nyumba ametupa mpaka mwisho wa mwezi tuondoe vitu. Chemba ya Baba Mkubwa, yaani ofisi yake ya uwakili, iko ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mbegu na mbolea, hatua chache kutoka kortini, na mwaka mmoja baada ya yeye kutuacha harufu ya mle ndani ni ileile: karatasi za zamani, wino wa mihuri, na mbolea inayopanda na ngazi. Faili za wateja zilishachukuliwa na mawakili wengine. Meza imeuzwa. Rafu tumempa mwenye duka. Zimebaki dayari, nazo ndizo zinatupeleka nyumbani kesho, maana Jumamosi ni kumbukumbu ya mwaka na Shangazi ameshaagiza kwa simu: "Msije mikono mitupu, na msiache karatasi za kaka yangu zifungiwe njugu."

Wakili bila dayari ya korti ni kama kondakta bila chenji. Ndimo anamoandika kesi ipi inatajwa lini, ipi inasikizwa, ipi imesongezwa na nani ameisongeza. Baba Mkubwa alianza kuweka zake 1972 na ya mwisho ni ya 2024, aliyoiachia katikati. Tumezihesabu mimi na Karani, ni 51. Zinakosekana mbili: ya 1982, ambayo Karani anasema ilinyeshewa paa lilipovuja, na ya 1996.

Nimekaa sakafuni nikafungua moja bila kuchagua. Mei 1991. Jumatatu: Molo, kesi ya mpaka, saa tatu. Chini yake, kwa wino uleule: "Shule zafunguliwa. Viatu: saba, tano, tatu." Jumanne: Kericho, rufaa. "Mwalimu ana zamu shuleni, nipike mimi." Alhamisi: mirathi, wajane wawili. "Mtihani wa hesabu wa kitinda mimba. Asirukie maswali." Hakuwa na dayari ya kazi na nyingine ya nyumbani. Sisi, serikali na wezi wa ng'ombe tulikaa ukurasa mmoja.

Mwalimu ni mkewe, Mama Mkubwa wetu, aliyefundisha darasa la pili maisha yake yote. Hakuwahi kumwita jina lingine mbele ya watu. Mimi niliingia katika nyumba ile 1986 nikiwa na miaka mitano, baba yangu alipofariki, pamoja na ndugu zangu wawili. Wao walikuwa na wanne wao. Saba sasa, na vyumba vitatu. Mtu akimuuliza ana watoto wangapi, Baba Mkubwa alijibu saba, na mgeni akiuliza "wa kuzaa?" alijifanya hajasikia, yule yule mtu aliyeweza kusikia karani wa korti akinong'ona upande wa pili wa chumba.

Walikuwa Marafiki (Quakers), watu wa kanisa lililoingia Kenya kupitia Kaimosi mwaka 1902, na Marafiki hawaapi. Kortini, shahidi wa kanisa hilo hathubutu kushika Biblia na kusema "naapa". Sheria inamruhusu kuthibitisha tu kwamba atasema kweli. Baba Mkubwa aliileta kanuni hiyo mezani. Mtoto akisema "haki ya Mungu sikula sukari", aliulizwa: "Na usipomtaja Mungu, ulikula?" Ukishaulizwa hivyo, mwanangu, sukari yote inakutoka.

Sasa niseme na langu, nisije nikaandika kama watu wa mazishini. Mwaka 1996 nilikuwa kidato cha kwanza, shule ya bweni. Siku ya wazazi Baba Mkubwa aliniahidi atakuja. Aliyekuja ni Karani, na kofia yake, na mkate na nusu kilo ya sukari. Nilikaa naye chini ya mti tukiangalia wenzangu wakikumbatiwa. Baba Mkubwa hakuwahi kueleza, nami sikuwahi kuuliza. Ndiyo dayari niliyoitafuta kwanza leo, kabla sijamsalimia mtu, na ndiyo haipo.

Jumla makatoni manne ya mafuta ya kupikia, yamefungwa kwa kamba ya katani. Na bahasha moja ya kaki, ambayo naibeba mwenyewe kwenye mkoba.

Alhamisi, 7 Agosti. Nakuru, Kericho, Kisumu

Tumeondoka saa kumi na mbili unusu, ukungu haujatoka Menengai. Kitinda mimba anaendesha, Karani mbele kwa sababu ya magoti, mimi nyuma na makatoni. Karani alifanya kazi na Baba Mkubwa miaka 38 na bado anavaa tai akisafiri.

Barabara hii ilikuwa ya Baba Mkubwa kuliko ya serikali. Alijua wapi pana chai nzuri, wapi askari wa trafiki wana njaa, wapi simu inakatika. Tukipita Salgaa, malori yamepanga mstari kama ng'ombe wa mnada, kitinda mimba akazima redio bila kuambiwa. Ni mazoea ya baba yake: redio ilizimwa kutoka Salgaa mpaka tumalize Sachangwan. Tarehe 31 Januari 2009 lori la petroli lilianguka pale, watu wakakimbia na mitungi na ndoo kuchota, moto ukawaka. Waliokufa walizidi mia moja. Mwezi uliofuata walianza kupanda ngazi za chemba, wake za watu, wengine hawana hata maiti ya kuonyesha. Bila maiti hakuna cheti cha kifo, na bila cheti hakuna mirathi, wala akaunti, wala shamba. Sheria inasema mtu asiyesikika kwa miaka 7 huchukuliwa amekufa. Sasa mwambie mama mwenye watoto wanne angoje miaka 7 na karo ni Jumatatu. Karani anakumbuka Baba Mkubwa akitoka naye kwenda kwa chifu, kwa OCS, mkuu wa kituo cha polisi, kwa mashahidi waliomwona mume akishuka bondeni na mtungi, wakakusanya hati za kiapo moja baada ya nyingine mpaka korti ikaridhika. Alilipwa gunia la viazi. Tulikula viazi mpaka tukaanza kuviogopa.

Karibu na Molo reli ikajitokeza kushoto ikapotea tena. Babu alikuwa mtu wa reli hii. Alisukuma toroli la ukaguzi, vibarua wanne wakikimbia juu ya mataruma na bosi amekaa na mwavuli. Hakujua kusoma ila majina ya stesheni, na hayo aliyajua kwa mpangilio: Njoro, Elburgon, Molo, mpaka Londiani. Ukimpa neno lingine lolote anakwama. Baba Mkubwa alizaliwa 1945 katika nyumba za reli Nakuru, chumba kimoja, pazia katikati.

Sababu ya yeye kuwa wakili ilipita kwenye reli hiyo pia. Baada ya Hali ya Hatari kutangazwa Oktoba 1952, habari ziliwahi relini kuliko magazetini, na moja ilikuwa hii: kuna Mwafrika, mtu wa Gem kule kwa Waluo, anasimama kortini kuwatetea watuhumiwa wa Mau Mau, na jaji mzungu anamsikiza. Ni C.M.G. Argwings-Kodhek, wakili wa kwanza Mwafrika katika Kenya. Babu alirudi nyumbani akamwonyesha mwanawe kidole: "Wewe. Yule." Mjadala ukaisha.

Lakini Kenya haikuwa na pa kusomea sheria. Nairobi haikuwa na kitivo cha sheria mpaka 1970. Cha kwanza katika Afrika Mashariki kilikuwa Dar es Salaam, kilichofunguliwa 1961 kwenye jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kabla ya chuo kuhamia Mlimani. Kwa hiyo 1967 mtoto wa toroli akapanda basi kwenda Dar. Alikuwa huko Januari 1969 habari zilipofika kwamba Argwings-Kodhek amekufa kwa ajali ya gari Nairobi. Alituambia siku hiyo alitembea mpaka ufukweni, akakaa, akarudi. Hakuongeza neno, na sisi tulijua hapo si pa kuongeza swali.

Alichorudi nacho, mbali na shahada, ni Kiswahili. Hebu fikiria Nakuru ya 1972, kila mtu anasema "leta hiyo kitu", na wakili kijana anamwambia hakimu "mdai", "mdaiwa", "wosia", na anamwambia mwenye duka "samahani, naomba unipatie". Watu walidhani ni Mpwani aliyepotea. Wateja wakamcheka, halafu wakagundua wanaelewa kesi zao wenyewe. Mimi nafundisha Kiswahili leo kwa sababu ya meza ile.

Londiani Junction tumepita kimya. Juni 30, 2023, lori liliingia kwenye soko la kando ya barabara, wakafa zaidi ya watu hamsini. Akina mama bado wanauza kabichi. Karani amenunua mbili, hakuuliza bei.

Kericho nimemuuliza. Tulikuwa tunakunywa chai, mvua ndogo ya Kericho inayonyesha kama imelipwa kunyesha, na nikaona nisipouliza hapa sitauliza tena. "Karani, ile siku ya wazazi, 1996. Kwa nini alikutuma wewe?"

Akaweka kikombe chini. Akafikiria kweli, naweza kumtetea kwa hilo. "Shule yenu ilikuwa na pilau," akasema. "Nakumbuka pilau. Ilikuwa na nyama."

"Na yeye alikuwa wapi?"

"Mwanangu, nilikuwa napewa bahasha na nauli. Nikapewa, nikaja." Akanywa. "Lakini pilau ilikuwa nzuri."

Kitinda mimba alicheka mpaka akatoka nje. Mimi nilikasirika hadi Kapsoit, halafu nikacheka peke yangu nyuma ya makatoni.

Baada ya Kipsitet baridi inakuacha ghafla kama mtu aliyeteremka kwenye gari. Awasi madirisha yote chini. Ahero mchele, kilo kumi, Shangazi amesema bila mchele wa Ahero tusikanyage kwake. Upande wa kulia milima ya Nandi imesimama kama ukuta, kushoto bonde la Kano tambarare hadi macho yachoke.

Kisumu tumelala kwa Dada, kifungua mimba. Samaki mzima wa kukaanga, ugali, na osuga, yaani mnavu, iliyochachushwa na maziwa. Wanaume wakahamia kwenye televisheni kuangalia Harambee Stars na Angola. Ikaisha 1-1. Sisi tukabaki mezani na mifupa, na mazungumzo yakaenda yanakoendaga kila wakili anapotajwa Kisumu: S.M. Otieno.

Wasiojua: Otieno alikuwa wakili mkubwa Nairobi. Alifariki 20 Desemba 1986 bila kuacha wosia wa maandishi. Mjane wake, Wambui Otieno, akasema alitaka kuzikwa shambani kwao Matasia, Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukasema Mjaluo anazikwa kwao. Maiti ikakaa mochari zaidi ya miezi mitano korti zikibishana, na tarehe 23 Mei 1987 akazikwa Nyalgunga, Siaya, jinsi ukoo ulivyotaka. Nilikuwa na miaka sita. Nakumbuka Baba Mkubwa akinunua magazeti mawili kila asubuhi na kuyasoma amesimama. Jumapili moja akatuita sote saba na Mwalimu, akatoa karatasi, akasema: "Yule alikuwa wakili, ameandikia watu maelfu. Yake hakuandika."

Yeye aliandika. Dada anayo nakala, amenitolea kwenye droo ya visu na vijiko. Mistari sita. Nizikwe palipo na Mwalimu, au yeye aje nilipo, atakayetangulia ndiye atakayechagua. Jeneza la bei ya chini. Fahali asinunuliwe kwa mkopo. Kitakachobaki kilipe karo. Kisha sentensi moja ambayo ni yeye kabisa: "Najua neno la marehemu kuhusu maziko yake si amri mbele ya korti, kwa hiyo hili ni ombi, na ninyi mnanijua siombi mara kwa mara."

Ijumaa, 8 Agosti. Kisumu hadi Vihiga

Safari fupi, lakini ndiyo nzito. Kondele, Mamboleo, halafu gari linaanza kupanda na ziwa linabaki nyuma kama sinia. Kiboswa. Majengo. Mawe makubwa yamekaa mashambani kama ng'ombe waliolala, na katikati ya jiwe na jiwe kuna nyumba, migomba, kaburi, nyumba.

Huwezi kumwelewa Baba Mkubwa kama hujaona ardhi hii. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 590,013 katika kaunti ya Vihiga, zaidi ya elfu moja kwa kila kilomita ya mraba. Shamba la Babu ni ekari moja na nusu. Watoto wake walikuwa saba: wavulana wanne, wasichana watatu. Babu alifariki 1982, Nyanya akiwa ametangulia. Sheria ya Mirathi, Sura ya 160, ilikuwa imeanza kutumika 1 Julai 1981. Angefariki miaka miwili mapema, mila ingemaliza kazi: wavulana wagawane, wasichana wana kwao walikoolewa. Lakini sheria mpya ilisema watoto, haikusema wavulana.

Ili kesi ya mirathi ianze, chifu huandika barua ya kutaja walioachwa na marehemu. Barua ya kwanza ilikuja na majina manne. Baba Mkubwa akairudisha. Ikaja tena na majina manne na mhuri mkubwa zaidi. Akairudisha. Akaenda mwenyewe, akakaa kwenye benchi la chifu tangu asubuhi mpaka jioni, kwa heshima zote, mpaka yakaandikwa saba.

Ndugu zake hawakumsamehe kwa haraka. Mmoja alimwuliza mbele ya wazee kama Dar es Salaam ndiko walimfundisha kuwapa mashemeji shamba la baba yake. Yeye akafanya hesabu mbele yao, kwenye vumbi, kwa kijiti: ekari moja na nusu kwa saba ni vipande visivyojenga hata zizi. Akafuta jina lake. Kwa sita, kila mmoja robo ekari kamili. Kifungua mimba wa kiume, mwenye haki ya kwanza kwa mila yoyote, akabaki bila hata shina la mgomba kwao.

Lakini mwanamume wa huku lazima awe na nyumba nyumbani, hata akikaa mjini miaka 50. Atalala wapi akija? Atazikwa wapi? Shangazi, mdogo wa mwisho, alikuwa amerudi kutoka kwenye ndoa iliyomvunja mbavu mbili. Akasema: "Jenga kwangu." Ndivyo nyumba ya Baba Mkubwa ilivyosimama kwenye robo ekari ya dada yake. Ndivyo Mwalimu alivyozikwa hapo 2015, naye ubavuni kwake mwaka jana. Kwenye mazishi nilisikia mzee mmoja nyuma yangu akinung'unika kwamba hajawahi kuona fahali akizikwa kwenye zizi la ndama. Nikageuka nimjibu, nikakuta analia.

Korti iliidhinisha mgao 1986. Hatimiliki hazikutoka. Kila mpima ardhi alipokuja, mtu aling'oa bikoni, zile alama za mpaka, usiku. Dayari zimejaa jambo hilo, miaka 30 na zaidi: "Mpima, Vihiga, saa nne. Hakuingia." "Mpima. Hakuingia." Kama mtu anayeandika hali ya hewa.

Tumefika saa saba mchana. Shangazi ametukagua mmoja mmoja, akahesabu makatoni, akapima mchele kwa mkono, ndipo akatusalimia.

Sijampa bahasha. Ngoja kesho ipite.

Jumamosi, 9 Agosti. Nyumbani

Hema tatu, viti vya plastiki, spika moja inayokohoa. Kwaya ya akina mama wa Marafiki imeimba vizuri kabisa na ndefu kabisa. Kaburi limewekwa vigae vya kijivu, mwaka wa kuzaliwa na wa kufa, na neno "Wakili" ambalo mimi nilipinga na nikashindwa. Watu walizungumza. Mawakili wawili wa Nakuru wakamsifu kwa maneno ambayo yangemfaa wakili yeyote, na sina haja ya kuyarudia. Mama mmoja wa Molo, ambaye hatukumwalika na hatukumjua, alisimama akasema "viazi", akaangua kilio, akaketi. Nilijua ni nani.

Aliyenifanya niache kuangalia sufuria ni Baba Mdogo, yule wa swali la mashemeji. Ana miaka 75 sasa na fimbo. Akakataa kipaza sauti.

"Mimi nilimpinga kortini," akasema. "Wote mnajua. Niliweka pingamizi Kisumu, 1985, na sikuwa na nauli. Nitakwendaje kumpinga mtu na sina nauli? Nikamwandikia barua kumwambia kesi ingoje nivune mahindi. Akanitumia nauli. Mimi mpinzani wake! Tukaenda, tukagombana mbele ya jaji asubuhi nzima, nilimwita mwizi. Saa saba tukatoka. Akaniambia, 'Umekula?' Nikasema siwezi kula na mwizi. Akasema, 'Basi kula peke yako, mimi nitalipa.' Akanikalisha kwenye hoteli, akalipa, akakaa nje kwenye jua ananingoja nimalize."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Samaki alikuwa mkubwa," akasema. "Nilimaliza." Akasimama kidogo kama mtu aliyesahau ameingia chumbani kufuata nini, kisha akaketi. Hakuomba msamaha, na sioni alipaswa kuuombea pale. Robo ekari yake ameilima vizuri.

Usiku, wageni walipopungua, nikafungua katoni ya pili kwa tochi ya simu. 1985 ipo. Nilipekua ukurasa kwa ukurasa mpaka Septemba. "Kisumu, Mahakama Kuu, mirathi ya Baba. Pingamizi." Chini yake, kwenye safu ya gharama alizokuwa akiziandika ili awadai wateja: "Nauli ya mweka pingamizi, kwenda na kurudi, 20/-. Chakula chake, 35/-." Na mbele ya safu, mahali pa jina la mteja atakayelipa, ameandika "Baba".

Nilimwonyesha Karani. Akavaa miwani, akasoma, akarudisha. "Thelathini na tano ilikuwa pesa nyingi," akasema. "Mimi alinipa ya mandazi."

Jumapili, 10 Agosti. Vihiga

Mrenda, kuku, ugali wa wimbi, saa nne asubuhi, kama vile jana hatukula. Nikampa Shangazi bahasha jikoni, moshi ukituingia machoni. Ni hatimiliki: zimetoka mwezi wa sita, zote sita. Wapima waliingia hatimaye 2023, Baba Mkubwa akiwa na miaka 78, amekaa kwenye kiti cha plastiki kwenye mpaka tangu alfajiri ili atakayeng'oa bikoni amng'oe na yeye. Hakuishi kuzishika.

Shangazi hasomi bila miwani na miwani haijulikani iliko. "Nisomee."

Nikamsomea. Majina yake yote matatu. Eneo: hekta 0.10.

"Sufuri?"

"Sufuri nukta moja. Ni robo ekari, Shangazi. Wanaandika kwa hekta."

Akaishika, akaigeuza, akaangalia mhuri kwenye mwanga wa mlango. "Na kaburi lake liko ndani ya hii?"

"Limo."

"Na la Mwalimu?"

"Yote mawili."

"Basi nimdai kodi," akasema, akaingia chumbani kuificha, akakaa humo muda mrefu kuliko inavyohitajika kuficha karatasi.

Mchana vijana wamekusanyika kwenye simu moja iliyoegemezwa kwenye jagi. Harambee Stars wamewafunga Morocco 1-0 wakiwa wachezaji kumi. Kelele ilivuka mpaka wa Baba Mdogo ikarudi. Yeye alikuja kuuliza nani amekufa.

Makatoni tumeyapandisha juu ya kabati, mbali na mchwa. Dayari moja tu haikupanda, ya 2024. Shangazi ameichukua. Nilidhani anataka kusoma maneno ya mwisho ya kaka yake, nikamfungulia ukurasa: mwandiko unaishia Jumatano, 7 Agosti, siku mbili kabla. Mbele zaidi kuna mstari mmoja alioutangulizia, Jumatatu, 26 Agosti: "Shule zafunguliwa. Wajukuu, viatu." Halafu kurasa tupu mpaka Desemba, safi, zenye mistari.

Wakati tunafunga migomba kwenye keria, juu ya gari, nilimwona amekaa kwenye ngazi ya nyumba ya kaka yake, miwani imepatikana, dayari magotini, kalamu ya mjukuu mkononi. Anauza maziwa ya ng'ombe mmoja na daftari lake lilikuwa limejaa. Alikuwa anaandika polepole chini ya Alhamisi, 19 Septemba 2024: Mama wa dukani, nusu lita, bado.